Mama Léocadie na fosi ya barabara ya Kabambare

Ukitoka katikati ya Kasongo na kushika barabara ya Kabambare, ukitaja nyumba ya wageni ya Mama Léocadie, hakuna mwenye moto, pikipiki ya kupakia watu, atakayekuuliza iko wapi. Atakupakia tu. Wachimba dhahabu wa Lusangi wanaijua, wachuruzi wa Wamaza wanaijua. Wakristo na Waislamu wanalala pale, kila mutu na sala yake, na asubuhi wote wanakunywa chai kwenye meza moja. Mimi ni jirani yake. Mulango wangu na wake inaangaliana, na kanisani tunakaa benchi moja ya wamama. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na ninayaandika kwa furaha, juu wamama kama huyu hakuna mutu anayekumbuka kuandika habari zao.

Léocadie ni mutoto wa wakulima Wazimba, wa hapa hapa Kasongo. Aliolewa na Byamungu, fundi wa siment aliyetoka upande wa Bukavu, mwanaume wa maneno kidogo na mikono migumu. Byamungu ndiye aliyejenga ile nyumba, chumba kimoja kimoja, kadiri siment ilivyopatikana. Kitu cha mwisho alichojenga mbele ya kufa kwake ni vese, choo cha ndani cha kukalia, pamoja na fosi yake nyuma ya nyumba. Wakati ule kartie nzima, mutaa wetu wote, tulikuwa na vyoo vya shimo tu, vya miti na udongo, huko nyuma ya migomba. Watu walikuja kuangalia vese ya Byamungu sawa vile watu wanakuja kuangalia mutoto aliyezaliwa. Bibi mumoja aliingia, akaizunguka, akatoka bila kuikalia.

— Nyumba yenye kupikiwa chakula, mimi ninye ndani yake? akasema, munisamehe, ndivyo alivyosema. Hapana, wanangu. Ninyi muendelee.

Kwa yule asiyeijua, fosi ni tangi ya siment yenye kuchimbiwa chini ya udongo. Uchafu unateremuka kwa tiyo, lile bomba la chini, unaingia mule, unakaa, unaoza pole pole. Maji yanayobakia juu yanatokea upande wa pili, yanaingia katika shimo lenye mawe, na udongo unayanywa. Mashini hakuna. Kwa Léocadie hata robine ya maji hakuna: kila mutu anaingia na ndoo yake ya maji, akimaliza anamwaga, basi.

Byamungu alipokufa, ndugu zake wenye kukaa Kabambare walimwita mujane wao akakae kwao. Léocadie aliwashukuru, akabakia. Alitandika vitanda katika vile vyumba na kufungua mulango kwa wageni. Hakuwa na kitu kingine cha kumulisha, na hakutaka kingine. Alikuwa anasema, kila mugeni anayelala vizuri mule ndani ni kama anamusalimia Byamungu. Na usafi wake, ee Mungu wangu! Kabla jogoo hawajanyamaza amekwisha kufagia uwanja, amepangusa vese kwa sabuni, ametia majivu ya jikoni ndani ili isinuke, amefunika. Wamama wengi tulijifunza kwake namna ya kupokea watu.

Taabu ilianza mvua za mwaka uliopita. Mugeni anamwaga ndoo yake, maji badala ya kuteremuka yanapanda. Léocadie anasukuma kwa muti murefu, yanateremuka kidogo, kesho yake yanapanda tena. Kisha nyuma ya nyumba udongo ukaanza kutoa majimaji yenye harufu mbaya, yakateremuka kama mufereji mudogo. Nyumba yake iko kwenye muteremuko, na chini ya ule muteremuko kuko chemchem ambapo kartie yote tunateka maji ya kunywa. Siku moja wasichana waliotumwa maji walirudi na bido, madumu yao ya maji, tupu, wanashika pua.

Papa Hervé akafika. Papa Hervé ni mutu wa ijene, wa kulinda usafi, anapita kuangalia vyoo na visima vya kartie yetu. Si mutu mubaya. Watoto wawili wa dada yake walikufa na kipindupindu, na tangu pale hachezi na maji. Alifuata ule mufereji kutoka chemchem mpaka nyuma ya nyumba ya Léocadie, akavua kofia.

— Mama Léo, nakuheshimu. Lakini watu wanakunywa hapa chini.

— Najua, baba. Hata mimi ninakunywa pale.

— Basi unisikie. Hii maji ya fosi ikifika tena ku chemchem, nafunga nyumba. Hakuna mugeni atalala humu tena.

Léocadie aliinama, akachukua koleo, akaanza kuvuta udongo na kuziba ule mufereji kwa mikono yake. Mimi nilibakia naye. Tulijua wote wawili maana ya lile neno. Nyumba ikifungwa, anapakiwa kwa moto pamoja na masanduku yake, anakwenda kukaa Kabambare katika chumba cha nyuma cha shemeji zake, na kazi ya maisha ya Byamungu inabakia kuwa makao ya popo.

Wageni walipopata habari, kila mutu alijua mukosaji ni nani, na mukosaji alikuwa mwingine. Asubuhi ile uwanjani ilikuwa kama sokoni. Kulikuwa Louise, muchuruzi wa vitambaa kutoka Kabambare, na mutoto wake mugongoni. Kulikuwa Souleymane, mununuzi wa dhahabu anayekwenda na kurudi Lusangi, kijana wa kupendeza, kanzu yake safi siku zote.

— Ni hawa watu wa birika! Louise akasema. Kila mara wanaingia na maji, wanamwaga kama wanaosha moto.

— Dada Louise, tangu lini maji inaziba tiyo? Souleymane akamujibu. Maji njo inafungua. Sema juu ya ninyi na makaratasi yenu. Jana niliona mule ndani ukurasa ya kaye ya shule, hesabu ya kugawanya, na mwalimu ameweka sifuri!

Watu wakacheka. Muchimbaji mumoja mwenye ndevu, aliyekuwa anafunga muzigo wake, akainua kichwa kwa utulivu.

— Mimi simo kwa hayo mabishano. Karatasi situmii, birika situmii. Mimi ni gunzi la muhindi, kama baba yangu.

— Ee! Njo wewe! wote wakapiga kelele pamoja, na yule mutu akashangaa kweli, juu kwao Wamaza gunzi linatupwa katika shimo na hakuna anayeuliza.

Mimi nilimuvuta Léocadie pembeni.

— Ndugu yangu, fukuza hawa wachimbaji. Wanaleta matope, hawajui vese. Bakia na watu wa kanisa.

— Nikiwafukuza, nabakia na choo safi na nyumba tupu, akasema. Na tena, nani alinifundisha mimi? Hakuna mutu anazaliwa anajua vese. Kwanza tufungue, tuone. Halafu tutasemezana.

Alimwita Josué, fundi aliyejifunza kazi kwa marehemu Byamungu. Na alifanya kitu ambacho mimi nisingekifanya. Aliwaomba wageni wasiondoke mbele ya kuona. Wenye moto walikuwa wanangojea nje, wanapiga honi, lakini kwa Léocadie ni vigumu kusema hapana, juu anakuomba kama anayemuomba mutoto wake. Hata Papa Hervé alikuja. Tukasimama wote nyuma ya nyumba, pua ndani ya vitenge.

Josué aliinua kile kifuniko cha siment kwa mutalimbo. Harufu ikatoka, tukarudi nyuma kama kundi la mbuzi. Yeye alisimama tu. Alichukua muti murefu akausukuma ndani, na muti haukuingia. Ulisema "to!", kama umegonga ukuta.

— Hii nini tena? akasema.

Alipiga, akavunja, akaanza kutoa. Zilitoka sashe za plastiki zenye kufungana kama nyoka. Ilitoka kushi, nepi ya mutoto, imevimba kama muto wa kulalia. Yalitoka magunzi, na yule mwenye ndevu akaangalia mawingu. Chini kabisa kulikuwa muchanga mweusi, muzito, unaong'aa. Lakini ukuta wenyewe, ule wenye kuziba tiyo ya kutokea, haukuwa kimoja cha hivyo. Ulikuwa wa rangi ya kijivu na mugumu. Josué akavunja kipande, akakisugua katika vidole, akakinusa.

— Mama Léo, hii ni majivu. Majivu na muchanga na maji, imeshikana sawa siment ya marehemu. Nani anatia majivu mu vese?

Wageni wakaangaliana. Hawakujua, juu wao wanaamuka wakati Léocadie amekwisha kumaliza kazi. Ni mimi peke yangu nilijua, na niliangalia viatu vyangu. Léocadie angeweza kunyamaza. Angesema "ni hawa wapita njia," na wote wangeamini, Papa Hervé wa kwanza. Niliona mukono wake unashika ncha ya kitambaa cha kichwa.

— Ni mimi, akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudilia kwa nguvu ili hata wenye moto wasikie.

— Ni mimi. Kila asubuhi. Mama yangu alinifundisha kwamba choo cha mwanamuke mwenye heshima kinatiwa majivu, hakinuki. Bwana yangu alinijengea fosi, mimi nikaitunza kama shimo.

Josué akakwaruza kichwa. Alimupenda sana huyu mama, na hakutaka kumuumiza.

— Mama, mu kunde yako ya mbegu unatia majivu juu ya nini?

— Juu fukusi wasikule.

— Inafanya nini wale fukusi?

— Inawaua.

— Basi mu fosi nako kuko wadudu wadogo, macho haiwaone. Njo wanakula uchafu, wanaupunguza. Papa Byamungu alikuwa anawaita wafanyakazi wake. Majivu inawaua. Halafu hakuna anayekula, inajaa tu.

— Kumbe nimekuwa nikiua wafanyakazi wa bwana yangu, Léocadie akasema, na machozi na kicheko vikamutoka pamoja. Mungu anisamehe.

Papa Hervé akavaa kofia yake.

— Mama, umesema kweli mbele ya watu, na mimi nimesikia. Lakini neno langu liko palepale. Mvua kubwa itakapokuja nitaangalia ku chemchem.

Alipokwisha kusema hayo, Souleymane alikohoa. Aliangalia kanzu yake, akaangalia ule muchanga mweusi unaong'aa.

— Mama Léo, ule muchanga ni wangu.

— Wako namna gani, mutoto wangu?

— Dhahabu yenye nanunua kwa wachimbaji haitoke safi. Nikifika hapa naiosha tena mu sahani, na muchanga wenye kubakia naumwaga mu vese. Nafunga mulango juu ya macho ya watu. Dhahabu na macho ya watu, unajua.

— Na mimi nilisema kila siku huyu kijana tumbo linamusumbua! Louise akasema, na uwanja wote ukaanguka kwa kicheko. Kisha yeye mwenyewe akamupanga mutoto vizuri mugongoni, akasema: Hata kushi ni yangu, mama. Niliona haya kuitupa uwanjani, wanaume wote hawa wamekaa pale. Na vitambaa vyetu vya wamama pia. Ningeviweka wapi?

Pale ndipo nilielewa kwamba Léocadie amefanya kitu kikubwa. Mutu anayetafuta mukosaji hapati hata mumoja, na yeye, kwa kujitaja, aliwapata wote bila kumuuliza hata mumoja.

Moto hazikuondoka siku ile. Josué alichimba shimo la kuzikia ule uchafu upande wa juu wa parsele, kile kiwanja cha nyumba, mbali na chemchem, na watu wakapokezana ndoo. Souleymane alivua kanzu, akakunja suruali, akabeba muchanga wake mwenyewe, na wachimbaji wakamutania kwamba ni siku ya kwanza anachimba. Jioni tiyo zilikuwa wazi, na lile shimo la mawe limefunguliwa upya. Léocadie aliwapikia wote sombe ya majani ya muhogo na samaki, na mbele ya kula aliomba, Souleymane akafungua mikono naye akaomba kwake.

Sasa, kusafisha fosi ni kazi ya siku moja, kuilinda ni kazi ya kila siku. Léocadie alifikiri sana. Hakuandika makatazo kwenye ukuta. Alifikiri juu ya haya ya watu. Kwa ajili ya Louise na wamama wengine aliweka ndani ya vese kikapo chenye kifuniko, na ndani yake jani la mugomba. Kila asubuhi anakichukua yeye mwenyewe, anafunga lile jani bila kuangalia, anakwenda kuchoma nyuma ya jiko. Kwa ajili ya Souleymane na wenzake alizungusha ukuta wa matete pale karibu na migomba, akaweka beseni na kiti kifupi, na mulango wa kujifungia. Mutu anaosha dhahabu yake pale bila jicho la mutu, na muchanga unabakia katika udongo. Matope ya safari yanaoshwa uwanjani juu ya jiwe. Na majivu yake, anayapeleka kwenye bustani ya lengalenga, na lengalenga yake leo, mimi nakula kwake, ni ya kupendeza.

Lakini kubwa kuliko yote ni namna anavyopokea mugeni. Mbele ya kumuonyesha kitanda, anamuonyesha vese. Awe mutu mukubwa, awe nani. Anasimama mulangoni na kusema kwa ile sauti yake ya upole:

— Humu kunaingia kile tumbo limetoa, na maji, na karatasi laini kidogo. Kingine chote, hata kama ni uzi, kiko na kikapo chake. Usione haya kuniuliza. Mimi mwenyewe niliziba hii fosi kwa majivu, nikidhani nafanya usafi.

Wageni wanaita ile "katekisimu ya vese." Siku moja alikuja negosia mumoja, mufanyabiashara wa tumbo kubwa na simu mbili. Alimusikiliza huku anakunja uso.

— Mama, mimi nimelala hoteli za Bukavu na Bujumbura. Leo wewe unifundishe kunya?

— Hapana, baba. Kunya unajua vizuri, unaonekana, akamujibu bila kukasirika. Nakufundisha nyumba yangu.

Yule mutu alicheka mpaka akashika ukuta. Alisikiliza toka mwanzo, na siku ya pili nilimusikia anamufundisha dereva wake.

Mvua kubwa ilikuja. Ilinyesha usiku na muchana, barabara ya Kabambare ikawa muto, moto zikakwama. Hiyo ndiyo mvua Papa Hervé alikuwa anangojea, na sisi tulikuwa tunaiogopa. Alikuja na botte mpaka magotini, na nusu ya kartie nyuma yake chini ya miamvuli na majani ya mugomba. Léocadie alitoka bila kujifunika, akasimama nyuma ya nyumba, midomo yake inaomba.

Papa Hervé hakumusalimia. Alianza chini. Alikwenda kwenye chemchem, akainama, akanusa, akateka kwa kiganja. Akapanda muteremuko pole pole, anafuata pale ule mufereji ulipopitaga, anatoboa udongo kwa fimbo, ananusa ncha ya fimbo. Nyasi zilikuwa zimeota. Alipofika juu, akamuamuru Josué ainue kifuniko kidogo cha kutokea maji. Akachutama, mvua inamupiga mugongoni, akaangalia muda murefu. Maji yalikuwa yanapita, kidogo kidogo, bila kelele.

Alisimama, akapangusa mikono.

— Sifungi, akasema. Nyumba inabakia wazi, Mama Léo. Na nikiwa na mugeni, nitamuleta hapa.

Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ambo ya barabara! Mimi niliacha muavuli ukaanguka. Wasichana waliorudisha bido tupu ile siku walimushika Léocadie huku na huku, wakamuzungusha kama bibi arusi, na yeye alikuwa anasema tu, "Aksanti Yesu, aksanti Yesu," na maji ya mvua na machozi vinateremuka pamoja. Nimekaa katika kartie hii miaka mingi. Nimeona watu wakisifiwa kwa magari na kwa nyumba za vigae. Siku ile tulisifu mwanamuke kwa maji safi, na hakuna aliyeona kwamba ni kitu kidogo.

Bado tunashangilia, moto moja ikatokea barabarani, inateleza huku na huku, na mugeni wa Lusangi juu yake, matope mpaka kwenye nyusi. Alishuka anatetemeka, akauliza kama kuko kitanda.

Léocadie alijitoa mikononi mwetu, akapangusa uso kwa ncha ya kitenge.

— Kiko, mutoto wangu. Karibu sana. Weka muzigo pale, nawa miguu juu ya lile jiwe, halafu kuya kwanza huku, nikuonyeshe kitu.